Asiyekuwepo na Lake Halipo, Lakini Je, Aliitwa?

Wahenga walituachia methali kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo hutajwa sana katika vyama vyetu, hasa na viongozi wanapomjibu mwanachama aliyekuta jambo limekwisha kuamuliwa. Huulizwa mbele ya watu: "Ulikuwa wapi siku ile?" Naye hunyamaza kwa haya, kana kwamba kosa ni lake. Lakini methali hiyo ina sharti ambalo wazee hawakulitamka kwa kuwa waliliona dhahiri: mtu hawezi kulaumiwa kwa kutofika mahali asipoitwa. Kabla ya kumwuliza mwanachama alikuwa wapi, yatupasa tumwulize katibu maswali matatu. Je, ulimwita? Ulimwita lini? Na ulimwambia anaitiwa jambo gani?

Nayaandika haya kuhusu vyama vya ushirika wa nyumba, na najua kwamba baadhi ya wasomaji watashangaa. Watauliza jarida la wanamageuzi lina haja gani na barua za kuitia mikutano, hali nchi ina mambo makubwa ya katiba, uchaguzi na ufisadi. Jibu langu ni kwamba mambo hayo makubwa na jambo hili dogo ni jambo moja. Mwananchi hukutana na Rais wake kwenye karatasi ya kura mara moja katika miaka mitano. Mwenyekiti wa ushirika wake hukutana naye kila mwezi, na mwenyekiti huyo ndiye aliyeshika akiba yake ya miaka kumi. Ikiwa tumeukataa utawala wa mtu mmoja Ikulu kisha tukaukubali katika kamati ya ploti zetu, basi tumebadilisha paa na kuuacha msingi uliooza.

Mkutano ulivyokuwa mali ya serikali

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1988 wapiga kura wa mchujo walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na palipokuwa na mistari mirefu na mistari mifupi, yako mahali ambapo wenye mistari mifupi walitangazwa washindi. Mkutano wa hadhara ulihitaji leseni. Mkutano ulioitishwa katika uwanja wa Kamukunji Julai 7, 1990, ulinyimwa leseni hiyo, na Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa wameutangaza, wakatiwa kizuizini siku chache kabla ya siku yenyewe. Kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kiliondolewa katika Katiba mwezi wa Desemba 1991, lakini sharti la leseni liliendelea kuvisumbua vyama vipya kwa miaka mingine kadhaa.

Ilikuwa mwaka wa 1997, baada ya maandamano na damu nyingi kumwagika, ambapo mapatano ya wabunge wa vyama mbalimbali yalizaa marekebisho ya Sheria ya Utulivu wa Umma. Leseni ikaondolewa na mahali pake ikawekwa ilani: anayeitisha mkutano wa hadhara anatakiwa kuwaarifu polisi siku zisizopungua tatu wala kuzidi kumi na nne kabla ya mkutano. Tofauti ya leseni na ilani si ya maneno matupu. Mwenye kuomba leseni yuko chini ya mwenye kuitoa. Mwenye kutoa ilani anatimiza wajibu wake kwa mwenye haki ya kujua. Katika badiliko hilo moja tulifundishwa kwamba kuarifu ni heshima wanayopeana watu walio sawa.

Mwaka ule ule wa 1997 Bunge lilitunga Sheria mpya ya Vyama vya Ushirika. Sheria iliyotangulia, ya mwaka wa 1966, ilikuwa imempa Kamishna wa Ushirika mamlaka makubwa juu ya mambo ya ndani ya vyama, na serikali ilikuwa na mkono wake karibu katika kila daftari. Sheria mpya ililegeza mkono huo na kuwakabidhi wanachama vyama vyao. Kwa bahati mbaya, katika vyama vingi waliokabidhiwa hawakuwa wanachama bali kamati. Afisa wa serikali alipotoka kwa mlango wa mbele, mwenyekiti na jamaa zake waliingia kwa mlango wa nyuma, na ubadhirifu ulizidi hata ikabidi sheria hiyo irekebishwe mwaka wa 2004 na Kamishna arudishiwe baadhi ya mamlaka. Funzo lake ni kwamba uhuru wa chama usiokuwa na mkutano wa kweli wa wanachama ni uhuru wa viongozi peke yao.

Sheria ilisema nini

Sheria hiyo ya 1997 iliweka mamlaka ya juu kabisa ya chama cha ushirika katika mkutano mkuu, ambamo kila mwanachama ana haki ya kuhudhuria, kushiriki na kupiga kura. Haikuyaweka kwa mwenyekiti, wala kwa kamati, wala kwa mwenye hisa nyingi. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa kumi au elfu moja. Mkutano mkuu wa mwaka ulitakiwa ufanyike katika muda wa miezi minne baada ya mwaka wa fedha kwisha. Na ili mamlaka hayo ya wanachama yasiwe ya jina tu, sheria iliagiza kwamba mkutano mkuu uitishwe kwa ilani ya maandishi isiyopungua siku kumi na tano.

Tuyatazame maneno hayo. "Ya maandishi" maana yake si uvumi wa sokoni, wala neno lililotupwa na mwekahazina alipokutana nawe kwenye kituo cha matatu. "Isiyopungua" maana yake siku kumi na tano ndicho kiwango cha chini kabisa, na chama kinachojali watu wake kinaweza kutoa siku ishirini na moja au thelathini. Na njia salama ya kuzihesabu, ambayo mawakili huifuata, ni kutohesabu siku ambayo barua imepokewa wala siku ya mkutano wenyewe. Aliyepokea ilani tarehe 1 ya mwezi asiitwe mkutanoni kabla ya tarehe 17.

Kwa nini siku zote hizo? Kwa sababu mwanachama si mtu wa kuketi barazani akingoja kuitwa. Ni muuguzi wa zamu ya usiku anayehitaji kubadilishana zamu na mwenzake. Ni mwalimu aliyepelekwa kufundisha Turkana na kuacha familia Nairobi. Ni mjane anayetaka kumwonyesha mwanawe hesabu za chama kabla ya kuzipigia kura. Siku kumi na tano ni nafasi ya kuomba ruhusa kazini, kutafuta nauli, kusoma, kuuliza, na kuzungumza na wanachama wenzake. Kuwanyima watu muda wa kuzungumza wao kwa wao kabla ya mkutano ndiyo njia ya zamani kabisa ya kuutawala mkutano.

Mkutano wa Jumamosi

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, ingawa walio wengi watautambua. Wanachama mia mbili, walimu, makarani, wauguzi na wachuuzi, wamechanga kwa miaka minane na kununua ekari thelathini nje ya mji. Shamba halijagawanywa. Hatimiliki ni moja, nayo ina jina la chama. Kila mwanachama ana cheti cha hisa na risiti zake ndani ya bahasha chini ya godoro. Alhamisi jioni unatumwa ujumbe katika kundi la WhatsApp: mkutano utafanyika Jumamosi saa tatu asubuhi. Ajenda ni nne: maombi, taarifa ya mwenyekiti, maendeleo ya mradi, na mengineyo.

Jumamosi hiyo wanafika watu arubaini na mmoja. Chini ya kichwa cha "maendeleo ya mradi" kamati inaeleza kwamba fedha za kutengeneza barabara na maji zimekwisha, na kwamba benki iko tayari kukopesha ikiwa hatimiliki itawekwa rehani. Linapendekezwa, linaungwa mkono, linapita. Chini ya "mengineyo" inapitishwa kwamba kila mwanachama atoe shilingi elfu themanini katika siku sitini, na atakayeshindwa ploti yake itauzwa kwa mwingine. Saa saba mkutano unafungwa kwa sala, na watu wanakunywa soda.

Pale nje wako wanachama mia moja na hamsini na tisa ambao nyumba yao imewekwa rehani wakiwa makazini, shambani au msibani. Hawajaibiwa na mwizi aliyevunja dirisha. Sala ilisomwa, kumbukumbu ziliandikwa, mikono iliinuliwa. Mali yao imetolewa kwa utaratibu wote wa nje wa demokrasia, na kwa hiyo ni vigumu zaidi kupiga mayowe.

Hapa ndipo ushirika wa nyumba unapotofautiana na vyama vingine vingi. Anayeweka akiba mahali pengine anaweza kuidai fedha yake akaondoka. Aliyenunua ploti peke yake ana hatimiliki yake sandukuni. Lakini mwanachama wa ushirika wa nyumba, tangu siku ya mchango wa kwanza hadi siku ya kupewa hatimiliki yake, hana ardhi anayoweza kuishika mkononi. Ana kura tu. Katika miaka hiyo yote nyumba ya mwanachama ni kura yake, na kura haina mahali pa kupigwa isipokuwa mkutanoni. Kwa hiyo anayemficha siku ya mkutano ameuchukua ufunguo wa nyumba ambayo bado haijajengwa.

Mahakama zimeona nini

Wako wanaosema kwamba ilani ni mambo ya mawakili wanaopenda vijisababu, na kwamba uamuzi wa wengi ukipita umepita. Sivyo mahakama zilivyoona. Mwaka wa 1920 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mwanamke aliyefukuzwa katika klabu ya wanawake jijini London. Mjumbe mmoja wa kamati hakupelekewa ilani ya kikao kilichomfukuza, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwarifu mwenyekiti kwamba hataweza kuhudhuria. Ungedhani kwamba kumwandikia mtu kama huyo ni kupoteza stempu. Mahakama ilisema hapana: alistahili kuitwa, na kwa kuwa hakuitwa kikao hakikuwa halali. Tena ilani yenyewe ilieleza tu kwamba jambo la mwanachama huyo lingejadiliwa, bila kusema kwamba palikuwa na nia ya kumfukuza. Hilo nalo lilionekana kuwa kasoro.

Mwaka wa 1898, katika kesi ya kampuni ya tramu ya Croydon, ilani iliwaeleza wenye hisa kuhusu mapatano ya kuuza biashara yao kwa kampuni nyingine, lakini haikufichua waziwazi kwamba sehemu ya fedha ingekwenda kwa wakurugenzi wenyewe kuwa fidia ya kupoteza vyeo. Mahakama iliona kwamba ilani ya namna hiyo haikuwaeleza wanachama kwa haki walichokuwa wakiitiwa. Na katika kesi nyingine ya mwaka wa 1962, wakurugenzi hawakuwapelekea ilani watu fulani kwa kudhani kwamba hao hawakuwa tena wanachama. Kanuni za kampuni zilisamehe kusahau kwa bahati mbaya. Mahakama ikasema huku si kusahau. Uliwaacha kwa kukusudia, ukiwa umekosea haki yao, na mkutano huo ni batili.

Kesi za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, lakini hutuongoza, na busara iliyo ndani yake haina uraia. Kesi ya tatu inastahili kubandikwa ukutani katika ofisi ya kila ushirika, kwa maana hapa kwetu ni desturi kuwaruka wanaodaiwa michango. Katibu husema: "Huyo ana malimbikizo, wa nini kumwita?" Lakini mwenye deni ni mwanachama mpaka aondolewe kwa njia iliyoandikwa katika sheria ndogo za chama. Tena yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuwapo siku ambayo ploti za wadaiwa zinajadiliwa.

Visingizio vya kamati

Haki yataka tuwasikilize viongozi pia, maana si wote walio wabaya. Wengi hujitolea bila malipo ya maana, na hulaumiwa kwa kila tofali lililovunjika.

Husema kwanza kwamba kuwaandikia watu mia mbili ni gharama. Ni kweli, lakini linganisha gharama hiyo na gharama ya kesi moja, au ya mkopo uliochukuliwa kwa uamuzi batili. Siku hizi ujumbe wa simu ni rahisi, nami sina ugomvi na simu. Sheria ndogo na ziseme wazi kwamba ilani itatumwa kwa barua, kwa simu na kwa kubandikwa ubaoni, na kila mwanachama athibitishe anwani na nambari yake. Ninachokikataa ni kundi la WhatsApp kufanywa ndiyo njia pekee, ambapo ilani huja kati ya salamu za asubuhi na picha za arusi, ambapo msimamizi anaweza kumwondoa mwanachama mwenye maswali kwa kidole kimoja, na ambapo mzee mwenye simu ya tochi hayumo kabisa.

Husema pili kwamba wakiwaita watu hawaji. Hili nalo ni kweli, na wanachama tunastahili lawama. Lakini aliyeitwa akakataa kuja ametumia uhuru wake, na asiyeitwa amenyang'anywa. Tena watu huacha kwenda kwenye mikutano wanapojifunza kwamba mambo yamekwisha kupikwa jikoni na wao wanaitwa kula tu. Tukiwatumia hesabu mapema na kuwaeleza kinachoamuliwa, watakuja, kwa maana ni fedha yao.

Husema tatu kwamba jambo lilikuwa la haraka, benki au muuzaji asingengoja. Sheria ilitoa nafasi ya mkutano mkuu maalumu kwa mambo ya dharura. Lakini uzoefu wangu wa kusoma kumbukumbu za vyama umenifundisha kushuku haraka isiyoweza kungoja wiki mbili baada ya mradi kulala miaka minane. Muuzaji anayekataza wanunuzi kushauriana ana jambo analolificha.

Husema mwisho: "Hata kama wangekuwapo wote, tungeshinda." Hoja hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ndiyo hoja ya chama kimoja. Wakati wa chama kimoja tuliambiwa pia kwamba taifa zima linakubaliana, basi upinzani ni wa nini? Mkutano si mizani ya kupimia vichwa tu. Ni mahali pa kusikilizana, na mara nyingi swali moja la mama aliyeketi nyuma, aliyesoma ukurasa wa tatu wa hesabu, hugeuza mawazo ya ukumbi mzima. Hakuna ajuaye wasioitwa wangesema nini. Ndiyo maana ni lazima waitwe.

Kanisa linalijua jambo hili

Nawageukia waumini, kwa sababu vyama vingi vya nyumba vimezaliwa katika parokia na vikundi vya kanisa, na mara nyingi mzee wa kanisa ndiye mwekahazina. Ninyi hamhitaji wakili kuwafundisha maana ya ilani. Wawili wakitaka kuoana, ni desturi ya makanisa mengi kutangaza majina yao Jumapili tatu mfululizo. Kwa nini tatu? Kwa sababu mwenye pingamizi huenda alisafiri Jumapili ya kwanza, akaugua ya pili. Kwa nini majina kamili na kijiji wanakotoka? Kwa sababu tangazo lisilosema ni nani anayeoa nani halimsaidii mtu yeyote. Hakuna padri anayesema kwamba tangazo linachelewesha arusi. Anajua kwamba ndoa iliyofichwa leo ni kilio cha kesho. Sasa, ikiwa tunawapa watu Jumapili tatu kwa ajili ya nyumba ya wawili, tutawanyimaje wiki mbili kwa ajili ya nyumba za watu mia mbili?

Tukisoma Matendo ya Mitume, sura ya sita, tunakuta manung'uniko kwamba wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume walikuwa na mamlaka ya kutosha kuamua wenyewe faraghani. Badala yake waliliita kusanyiko zima la wanafunzi, wakaeleza tatizo, na wakawaachia watu wachague waaminifu wa kulishughulikia. Penye manung'uniko juu ya mali ya pamoja, dawa ilikuwa kuwaita wote.

Lakini naongeza onyo. Tangazo la kanisani ni msaada, si badala ya ilani. Mwanachama anayesali kwingine, au Mwislamu, au asiyesali popote, ana haki sawa na ya mzee wa kanisa. Na uaminifu wa mtu wakati wa ibada hauondoi haja ya karatasi ofisini. Mali bila daftari huisha bila habari, hata kama mshika daftari ni mcha Mungu.

La kufanya

Basi mwanachama afanye nini? Kwanza, aombe nakala ya sheria ndogo za chama chake na azisome, hasa sehemu za mikutano, akidi na njia ya kutoa ilani. Ni haki yake, pamoja na kumbukumbu za mikutano mikuu na hesabu zilizokaguliwa. Aangalie sana kifungu kinachosema kwamba akidi isipotimia mkutano uahirishwe na watakaofika mara ya pili watoshe, wawe wangapi. Katika vyama vingine mlango wa hila uko hapo. Mkutano wa pili nao utolewe ilani kamili.

Pili, ilani ikija aipime kwa maswali haya: Imetimiza siku? Imetaja mahali, tarehe na saa? Mahali hapo mtu wa kawaida anaweza kufika? Imeandikwa kwa lugha ambayo wanachama wanaielewa? Imetaja kwa maneno wazi kila jambo zito, kama vile mkopo, rehani, uuzaji wa ardhi, nyongeza ya michango na kufukuza wanachama? Hesabu zimeambatishwa? Jambo zito lisikubaliwe kamwe chini ya "mengineyo". Hapo ni mahali pa rambirambi, pongezi na shukrani.

Tatu, ilani ikiwa na kasoro aandike barua mara moja, aweke nakala, na akifika mkutanoni aseme pingamizi lake kabla ya ajenda ya kwanza na adai liandikwe katika kumbukumbu. Anayeketi kimya, akapiga kura, kisha akalalamika baada ya kushindwa, atapata shida kuwashawishi waamuzi.

Nne, ikiwa kamati inakataa kuitisha mkutano, wanachama wasilie. Sheria ya 1997 iliwapa wanachama, wakitimiza idadi iliyowekwa katika kanuni, uwezo wa kudai mkutano maalumu kwa maandishi yenye saini zao na sababu zao. Kamati isipouitisha katika siku kumi na tano, wanaodai wanaweza kuuitisha wenyewe, mradi wawape wenzao wote ilani inayoeleza sababu na kwamba kamati imeshindwa. Nao wasitende hila waliyoipinga. Wawaite wote, hata wafuasi wa mwenyekiti. Mgogoro ukishindikana ndani ya chama, sheria hiyo iliunda jopo maalumu la kuamua migogoro ya ushirika.

Na ninyi viongozi wa vyama, ilani ni ngao yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mwenyekiti aliyewaita watu wote kwa wakati, akawaeleza wazi, kisha wakaamua vibaya, amelala usingizi wake. Lawama ni ya wote. Aliyeamua na watu arubaini na mmoja atabeba mzigo huo peke yake siku benki itakapobisha hodi.

Katiba ya 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na imetaja makao yanayofaa miongoni mwa haki. Tumezoea kudai mambo hayo kwa serikali, na tuendelee kudai. Lakini wengi wetu mwaka huu tutaitwa, au hatutaitwa, kwenye mkutano mkuu wa chama tunachokichangia. Nawasihi wasomaji wa jarida hili, kabla ya mkutano huo, waandike barua ya ukurasa mmoja kwa katibu wa chama chao wakimwomba mambo mawili: tarehe ya mkutano mkuu ujao, na orodha ya anwani ambazo ilani itapelekwa. Katibu mwema atafurahi kujibu. Na asiyejibu, tumekwisha kujua wapi pa kuanzia kazi.